Kikula–Buluo–Kikula: Safari za Papa Athanase Mulunda

Ndugu na majirani, minye ni Augustin, mtoto wa kwanza wa marehemu. Ninasoma maisha yake, na ninaona haya mbele yenu.

Papa Athanase Mulunda alizaliwa Kambove tarehe 4 Mei 1952. Alisoma shule ya msingi palepale, akatoka na mwandiko mzuri ambao sisi watoto hatukuurithi.

Mwaka 1973 alianza udereva wa kamyo, malori ya mizigo. Kila safari aliiandika kwenye daftari, na hata alipostaafu hakuacha: «Nyumba–kinyozi–nyumba. Mzigo: hakuna.»

Mwaka 1979 alimwoa Mama Émérence, wakazaa wanne hapa Kikula. Kitinda mimba, Exaucé, alipiga mtu katika ugomvi, mtu akafa; mwaka 2016 akafungwa gereza la Buluo. Jamaa ilipokutana, minye nilisimama: «Jina yake isitajwe tena mu hii nyumba.»

Tangu hapo, kila Jumapili Papa alifunga kapu kwenye baiskeli, akaondoka bila kuaga. Tulisema ana mwanamke mwingine. Mama aliacha kumpigia pasi. Minye nilimcheka mbele ya wageni: «Papa, bibi wa pili anapika muzuri?»

«Minye njo ninapeleka,» alisema tu, yaani yeye ndiye mpelekaji.

Novemba iliyopita ugonjwa wa sukari ulimlaza. Kila Jumapili aliuliza, «Nani anaenda?» Tulidhani ni homa inayosema. Alifariki nyumbani Jumanne, tarehe 11 Machi 2025.

Juzi, tukitafuta tarehe za kusoma hapa, tulifungua daftari zake. «Kikula–Buluo–Kikula. Mzigo: bukari, ndakala, sabuni. Alikula yote.» Juma baada ya juma, ugali na dagaa walewale, maneno yaleyale. Mama akashangaa: «Mwanamuke gani wa kupelekewa bukari?» Tukafika tarehe 18 Juni 2023: «Leo Exaucé ana miaka 30. Alimuulizia Augustin. Nilimwambia Augustin iko na kazi mingi.»

Sikuwa na kazi. Jumapili nilikuwa ninalala. Na tangu Novemba kapu halijaenda.

Papa ameacha mjane, Mama Émérence, na watoto: Augustin, Mbombo, Dodo, na Exaucé. Huyu wa nne hayumo kwenye karatasi mlizoshika. Zilichapwa kabla hatujafungua daftari. Mwenye kalamu ya bic amwandike. Minye nilikata jina lake, minye ninaomba lirudi.

Pumzika, Papa. Jumapili hii, kapu minye njo nitapeleka.