Akea wa Shimo Langu

Benchi letu liko Kiogoro, nje ya jiko langu. Kahawa tunayoinywa hapa huiva kwa mavi ya ng'ombe: mavi yanaingia shimoni, gesi inakuja jikoni kwa bomba la mpira. Jumapili moto ulikataa. Leo Jumanne, termosi hii nimeichemshia kwa Bitutu, jirani. Nikirudi kwa kuni, haya macho hayataki moshi, walishaniambia hospitalini. Walikuwepo Onyiego wa bodaboda, tunamwita Mtandao kwa ajili ya simu yake, na Onchiri muuza dawa za mifugo, tunamwita Daktari kwa sababu hakuna aliyemkataza. Mimi wananiita Magokoro, yaani bibi kwa Kikisii.

— Magokoro, gesi inatengenezwa na wadudu wasioonekana, Mtandao akasema. Wanaitwa akea.

— Ni bakteria hao, akasema Daktari.

— Si bakteria. Wanafanana tu, kama mbuzi na kondoo.

— Na wanakaa wapi, mjukuu wangu? nikauliza.

— Hawa wetu, pasipo na hewa. Hata tumboni mwa ng'ombe. Ndugu zao wako ziwa Bogoria, kwa chemchemi za maji ya kuivisha mayai. Wengine Magadi, kwa chumvi tupu.

— Basi hawafi, Daktari akasema. Anayeoga maji ya kuchemka ataogopa nini? Wamehama. Kiogoro ni baridi. Mwacha mila ni mtumwa.

— Wamepitia wapi? Mtandao akauliza.

— Kwa mpira. Magokoro akapika, wakaingia sufuriani.

Mtandao akatazama kikombe chake.

— Kumbe tumewanywa?

— Ndiyo maana tumbo lako hunguruma kanisani. Haba na haba hujaza kibaba.

Phanice, fundi wa biogesi kutoka Nyamira, akafika, mazungumzo yetu ameyasikia tangu langoni. Hakuketi. Alifunua shimo, akanusa.

— Magokoro, hapa pananuka wodi ya hospitali. Zizi unaosha na nini?

Sisi ni Wasabato. Ijumaa kila kitu husafishwa, ng'ombe naye asiingie Sabato akiwa mchafu. Nikamletea jerikeni mpya ya dawa ya kuulia vijidudu.

— Hii ikitiririkia shimoni inaua kila kitu, akasema. Wa Bogoria wamezoea moto. Hawa wako wamezoea tumbo. Nitaleta mavi kutoka shimo la jirani linalofanya kazi tuwapande upya. Wiki tatu.

— Wiki tatu za kuni, nikasema.

— Pole, Magokoro. Lakini nani alikuuzia hii?

Mtandao akafungua simu. Daktari akaangalia barabara ya Kisii kama anayengojea mtu. Halafu akaninyooshea kikombe niongeze. Nikainamisha termosi mpaka mwisho. Hakikutoka kitu.

— Imehama, nikamwambia. Ifuate Bogoria.