Shukrani kwa Inspekta Burhani, na kwa Wote Mliojua

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya. Ndugu Katibu wa Chama. Waheshimiwa viongozi wa dini. Maofisa na askari wa polisi. Wazee wetu mliotoka Muleba asubuhi kwa lori la ushirika. Ndugu wageni waalikwa. Na wewe Inspekta Burhani Rwegasira, ambaye kwa ajili yako tumekusanyika hapa Miembeni kukuaga unapostaafu: nawasalimu nyote, kila mmoja kwa heshima anayostahili.

Jina langu ni Theopista Mujuni. Ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Bukoba, na ni mtoto pekee wa marehemu Datius Mujuni. Nimepangiwa kutoa neno la shukrani kwa niaba ya familia. Mshereheshaji wetu, mtu mpole ambaye sitaki apate taabu kwa ajili yangu, aliniita pembeni akanishauri nishukuru kwa ufupi, nisitaje majina, nisiwaudhi wakubwa. Nimelipokea shauri lake. Nitashukuru. Nitashukuru sana, hata kila mtu apate fungu lake.

Kwa vijana mnaoisikia habari hii kwa mara ya kwanza, baba yangu alikuwa mkulima wa kahawa na migomba kijijini kwetu, juu ya barabara iendayo Muleba. Kibanja, yaani shamba la migomba alilolilima, hakikuwa chake. Kilikuwa ndani ya nyarubanja, ardhi ya kimwinyi ya bwana mkubwa Ta Karugendo. Maana yake ni kwamba babu zetu waliipanda ile migomba, wakaitunza, wakazaliana na kuzikana humo, na bado kila mwaka walimpelekea Karugendo kodi na vibuyu vya rubisi, pombe yetu ya ndizi, wakipiga magoti uani kwake, ili awaruhusu kuishi mahali walipozaliwa.

Uhuru ulipokuja, baba aliuamini. Alikuwa mwanachama wa Umoja wa Vijana wa TANU, na beji yake aliivaa hata shambani. Alipita kibanja kwa kibanja akiwaambia watwarwa wenzake, wapangaji wa Karugendo, kwamba bendera imebadilika, basi na magoti yapumzike. Msimu wa kahawa wa mwaka 1963 hakuna aliyepeleka kibuyu. Karugendo hakugomba. Alituma mtu kwa baba kusema kwamba wao ni majirani, waketi wazungumze. Mama yangu, Ma Klaudia, ambaye yupo hapa, alimwomba asiende peke yake. Baba akamwambia, "Klaudia, nikiitwa kuzungumza nikakataa, kesho nitawaambia nini wenzangu?" Akavaa shati safi, akaenda mchana kweupe, watu wakimwona. Hakurudi.

Kesho yake Karugendo alikuja kwetu mwenyewe. Alimsalimu mama kwa upole, akauliza mbona Datius hakufika, wakati yeye amemngoja mpaka pombe imechacha.

Hapo ndipo zinapoanzia shukrani zangu. Kwanza nawashukuru majirani zetu, ambao kabla juma halijaisha walikwisha kuwa na jibu: Datius amepanda basi kwenda Masaka, Uganda, na mwanamke. Nani alimwona? Mpaka leo hakuna aliyejitokeza kusema ni yeye. Lakini kila mtu alikuwa ameambiwa na mtu mwaminifu, na waaminifu kijijini kwetu walikuwa wengi ajabu! Msako haukufanyika. Kwa nini mtu atafutwe vichakani wakati anajulikana yuko Buganda anakula raha?

Pili, nalishukuru kanisa la kigango chetu kama lilivyokuwa wakati ule. Ndani ya nyumba ya Karugendo kulikuwa na mke wake mdogo, Ma Ephrasia, aliyekuwa jikoni siku ile. Alimwona mumewe akimkaribisha baba kiti. Alimwona akizunguka nyuma yake na mchi. Aliona shimo la kuivishia ndizi, lile la nyuma ya nyumba, likifukiwa jioni hiyo hiyo ndizi zikiwa bado mbichi, na migomba ikipandwa juu yake. Hakulala akiwa na jambo hilo moyoni. Alikimbilia kwa katekista, akamweleza yote. Katekista alimsikiliza, akamwambia kwamba mke mwema haitoi nje aibu ya mumewe. Asali rozari, arudi nyumbani akapike.

Akaenda kwa diwani. Diwani naye alikuwa mwepesi wa kazi, namsifu kwa hilo, maana kabla Ma Ephrasia hajafika nyumbani, Karugendo alikwisha kupata habari. Mama yule alipigwa mpaka akapoteza kusikia kwa sikio moja, akarudishwa kwao na jina jipya: mwendawazimu. Alipopona akaenda kituo kidogo cha polisi. Askari wa zamu alimwuliza kama anachotaka ni talaka, wenzake wakacheka, na mambo yakaishia hapo.

Wala msinielewe vibaya. Sisemi kwamba watu hawa walikuwa wakatili. Walikuwa watu wa kawaida, wenye adabu, waliopenda amani, hasa amani ile inayopatikana kwa kumnyamazisha mwanamke mmoja.

Ndugu wageni waalikwa, sheria ya kuufuta unyarubanja ilipopita, wengi walidhani Karugendo atalia. Hakulia. Alikuwa wa kwanza kuvaa suti ya Kichina na kupiga makofi. Vijiji vya ujamaa vilipoanzishwa alijitolea kuongoza watu kuteremka Ngenge kufungua mashamba mapya, na yule aliyekuwa akipelekewa vibuyu akawa mwenyekiti wa kijiji, akitufundisha jukwaani ubaya wa unyonyaji. Aliujua vizuri, sikatai. Alipewa ngao ya kilimo siku ya Saba Saba. Wageni kutoka Dar es Salaam walipokuja kuona ujamaa wa Muleba, walipelekwa kwa nani? Aliyewapa mkono kwanza alikuwa nani?

Mimi mwenyewe nimepewa mkono ule. Nilipomaliza darasa la saba nikiwa wa kwanza, mwenyekiti alikuja shuleni kwetu kugawa zawadi. Alinipa kalamu ya wino, akanishika kichwa, akawageukia walimu na wazazi akasema, "Mtoto huyu angekuwa na baba mwenye akili, angefika mbali." Watu wakapiga makofi. Mama yangu alikuwa amesimama pembeni, kwa sababu mke wa mtoro hapewi benchi. Nilipofika nyumbani aliichukua ile kalamu akaitupa chooni, na mimi nililia, kwa kuwa alikuwa bado hajaniambia aliyemuua baba ni nani.

Je, mnajua maisha ya mke wa mtoro? Hawezi kuvaa nguo za kufiwa, maana mumewe anasemekana yu hai. Hawezi kumwombea misa ya marehemu. Hawezi kuolewa tena wala hawezi kuhurumiwa. Kila mwaka mama alikwenda kueleza kwamba mumewe ameuawa, na kila mwaka mtu mwenye kiti kizuri alimwuliza, "Mwili uko wapi?" Yeye akawajibu waende wakamwulize Ephrasia. Wakamwambia Ephrasia ni mwendawazimu. Na wazimu wake uliwahi kupimwa na daktari gani? Ah, hilo halikuwa na haja ya daktari. Lilisemwa na mwenyekiti.

Sasa nije kwako, Inspekta, maana nimekungojesha muda mrefu.

Ulihamishiwa Muleba vita vya Kagera vilipokwisha. Wakati huo Karugendo alikuwa ameanza kudai hata kile kibanja chetu, kwa hoja kwamba mwenyewe alikitelekeza. Mama akaja kituoni kwako kulalamika. Ananiambia kwamba ulimpa kiti, na kwa kuwa hakuwa amezoea, alisimama nacho mkononi. Aliposema mume wake hakutelekeza kitu, ila ameuawa, ulimwuliza, "Nani aliyeona?" Akasema, "Ephrasia." Ukamwuliza, "Na polisi walipomhoji Ephrasia alisema nini?" Mama akajibu, "Hawajamhoji, bwana. Walimcheka."

Ulichukua kofia yako ukaja mjini. Ma Ephrasia alikuwa akiishi Hamugembe kwa kaka yake, katika chumba cha nyuma, karibu na migomba. Ulikaa naye ukamsikiliza mpaka alipomaliza, ukiongea upande wa sikio lake zima. Watu wananiambia nikusifu kwa akili nyingi ulizotumia. Nisamehe, Inspekta, sitakusifu kwa akili. Kumwuliza shahidi alichokiona si akili nyingi. Ninakusifu kwa sababu katika miaka yote hii, katika ofisi zote hizi, zenye watu wote hawa waliosoma, ni wewe peke yako uliyefanya kazi unayolipwa kuifanya.

Uliambiwa umwache mzee wa watu. Nawajua waliokuambia, wengine wamevaa vizuri leo. Uliambiwa unachafua jina la kijiji cha mfano. Ukaenda nyuma ya nyumba ile na majembe na kibali, na Ma Ephrasia akasimama bila kusitasita akaonyesha migomba. Walichimba. Baba yangu alikuwa pale alipoambiwa yuko. Beji yake ilikuwa imeliwa na kutu, na mkono wake wa kushoto ulikuwa umepinda tangu alipoanguka kutoka kwenye lori la kahawa akiwa kijana; daktari aliueleza mahakamani, na mama akaueleza kabla ya kuulizwa. Fuvu lilikuwa limevunjwa kwa nyuma.

Mahakama Kuu ilipoketi Bukoba mwaka huu wa 1984, niliona jambo ambalo sitalisahau. Niliona mstari wa wanaume wenye heshima zao wakija kumsemea Karugendo. Mmoja alisema hawezi kuamini kwamba mtu aliyepata ngao ya kilimo anaweza kuua. Mwingine alieleza jinsi mshtakiwa alivyochangia paa la zahanati. Nawashukuru, waheshimiwa. Kabla ya siku ile sikujua kwamba mabati yanaweza kutolewa ushahidi.

Kisha wakili akamgeukia Ma Ephrasia. Alimwambia kwamba ameyatunga yote hayo kwa uchungu wa mwanamke aliyeachwa. Wapo waliokwisha kutabasamu. Ma Ephrasia aliomba swali lirudiwe, kwa ajili ya sikio lake. Likarudiwa. Akasema, "Mheshimiwa Jaji, sikusema kwa sababu niliachwa. Niliachwa kwa sababu nilisema." Wakili aliketi.

Hukumu mmeisikia. Karugendo alikutwa na hatia, akahukumiwa kunyongwa, na amekata rufaa kama sheria inavyomruhusu. Hilo sina neno nalo. Nilitegemea kufurahi. Nilipomtazama nikaona mzee anayepapasa kutafuta fimbo yake, na sikuona furaha popote ndani yangu. Nikamgeukia mama. Alikuwa akinivuta mkono, akaniuliza kwa sauti ya chini, kama anayeogopa kukemewa, "Sasa ninaruhusiwa kuitwa mjane?"

Ndugu zangu, hilo ndilo aliloomba. Mwanamke wa miaka karibu hamsini, aliyelima peke yake tangu ujana wake, aliomba ruhusa ya kufiwa.

Na tangu siku ya hukumu, mmekuwa wema kupita kiasi. Nyumba yetu haipungui wageni. Wanakuja wanaosema walikuwa wakishuku tangu mwanzo. Wanakuja wanaosema walikuwa wakituombea kimyakimya, na kwa ukimya huo nawaamini kabisa. Juma lililopita nililetewa ujumbe kwamba kuna pendekezo baba aitwe shujaa wa kijiji na mazishi yake yaandaliwe rasmi, pawe na meza kuu na wasemaji watano. Nilipouliza kama Ma Ephrasia atakuwa kwenye meza hiyo, mjumbe alikohoa. Alisema kuna hisia za ukoo wa mshtakiwa. Alisema bado kuna watu wanaona mama yule alimsaliti mumewe.

Hata leo, katika ukumbi huu, viti vya mbele vina majina, na jina lake halipo. Amekaa kule mwisho, karibu na madumu ya rubisi, kwenye benchi la wapishi. Inspekta Burhani alikwisha kumwona, ndiyo maana mlimshangaa alipoinuka kwenye kiti chake cha heshima akaenda kula kule. Mkadhani amekosea njia.

Kwa hiyo natangaza, na ndilo jibu la familia kwa pendekezo lenu. Jumamosi tunamzika Datius Mujuni katika kibanja chake, ambacho sasa ni chake kweli. Hakutakuwa na meza kuu wala hotuba, hata hii yangu. Udongo wa kwanza atatia mama yangu, wa pili atatia Ma Ephrasia, na mazishi yakiisha Ma Ephrasia harudi Hamugembe. Nyumba ya mama ina nafasi, na wameshakubaliana wao wenyewe bila kumwuliza mwanamume yeyote. Mnakaribishwa. Njooni na majembe. Lakini kila mliyejua mkanyamaza, ukifika utapita kwanza mbele ya mama yule, utainama, utamsalimu kwa jina lake, kwa sauti, upande wa sikio zima. Ukiona hilo ni zito, baki nyumbani. Mmezoea.

Inspekta Burhani, familia haina zawadi ya kukupa inayokutosha. Mama amesema uje ule ndizi kwetu siku yoyote, na safari hii naye atakalia kiti, hatasimama nacho mkononi.

Mheshimiwa mgeni rasmi, ndugu wageni waalikwa, asanteni kwa kunivumilia mpaka mwisho. Mama yangu aliwavumilia ninyi kwa muda mrefu zaidi.