Mama Aliyeingia Ndani Nilipokuwa Nakohoa

Wazee wangu, shikamooni. Na ninyi wengine wote, Tumsifu Yesu Kristo. Wengi wenu mnanijua kwa sura tu, au mnaniita "Kamera", maana mmeniona kwenye harusi na vipaimara vyenu. Mwenyekiti wa jumuiya ameniomba mara nyingi niseme yaliyonipata, nikawa nakwepa. Mimi nimezoea kuwaambia watu watabasamu, kuongea mbele yao sijazoea. Mnivumilie. Na majina ya watu sitayataja, wengine tunasali nao humu humu.

Mimi ni mtu wa Kagongwa. Wazazi walinitoka mapema, nikalelewa na baba mdogo, naye akaja akafariki. Nilipojua kushika kamera nikaja hapa Katoro, kwa sababu hapa watu wana sherehe. Dhahabu ikitoka, mtu anaoa. Ikitoka tena, anabatiza. Siku ambazo hakuna shughuli nilikuwa napanda bodaboda na printa yangu ndogo mpaka machimboni, hadi Segese nimefika, nawapiga picha wachimbaji wakiwa na udongo wao usoni. Wanapenda hivyo hivyo. Picha wanaituma nyumbani, mama aone mtoto yu hai.

Ndugu zangu, nawaambia, mpiga picha yupo kwenye kila shughuli na hakuna aliyemwalika. Kiti hana. Chakula anakula amesimama, pembeni ya spika, wenzake wakishanawa. Kisha anabeba begi lake anarudi kwenye chumba ambacho hakuna wa kumuuliza, "Vipi, ilikuwaje huko?" Nilikuwa najua nani ameoana na nani mji huu mzima, lakini hakuna mtu aliyejua mimi natoka wapi. Nikazoea. Nikasema ndiyo maisha.

Halafu kikaanza kikohozi. Nikasema ni vumbi la machimbo. Nikanywa tangawizi na asali. Suruali zikaanza kulegea, nikatoboa mkanda tundu lingine. Jioni mwili unachemka, asubuhi shuka imelowa jasho kana kwamba imefuliwa. Na bado nikaenda kupiga harusi moja kubwa, hapa hapa mjini. Bibi harusi anakata keki, kikohozi kikanishika, kamera inatikisika mkononi. MC akasema kwenye kipaza sauti, "Kamera, sogea huko nyuma, unatuharibia video." Watu wakacheka. Baadaye baba wa bibi harusi akaniita pembeni. Alikuwa mstaarabu, simlaumu. Akaniambia, "Kijana, ukapumzike. Tumempata mwingine wa kumalizia."

Siku ile nilitembea kwa miguu mpaka nyumbani.

Maneno yakaenea kabla sijalala. Wengine wakasema nimeungua, yaani nina virusi. Wengine wakasema nimerogwa machimboni, nimepiga picha kitu kisichopigwa. Nyumba yetu ni ya wapangaji, uani tunachangia bomba. Nikitoka kuota jua, kina mama wanawaita watoto ndani. Kwa upole kabisa, "Njoo huku, mwanangu," lakini naelewa. Kikombe nilichokuwa naazima kwa jirani nikaletewa, nikaambiwa, "Kaa nacho tu, kaka." Simu ikilia, ni mtu anauliza picha zake za sherehe ya send-off.

Sasa nitawaambia jambo ambalo sijawahi kulisema. Nilipokuwa siwezi tena kuamka, nilikuwa nafungua kompyuta naangalia harusi za watu. Za watu nisiowajua hata majina. Nawaangalia wanavyocheza, wanavyolishana keki, shangazi wanavyopiga vigelegele. Nilikuwa natafuta watu wa kukaa nao. Betri ikiisha, chumba kinakuwa kimya, nabaki na sauti ya kifua changu. Nilifika mahali nikaacha hata kufunga mlango. Nilijisemea, wakija kunichukua wasipate kazi ya kuuvunja.

Asubuhi moja nikasikia mtu anauliza uani, kwa Kiswahili chenye Kisukuma kingi, "Anayepiga picha anakaa wapi?" Jirani akamjibu, "Yupo, ila mama, usiingie. Anaumwa."

"Anaumwa, na nani yuko naye?"

Jirani akarudi bombani.

Mlango ukasukumwa. Mama mtu mzima, kanga mbili, miguu ina vumbi la safari, ametoka huko vijiji vya Ushirombo. Alibaki mlangoni ananiangalia. Akaenda dirishani akalifungua, lile dirisha ambalo sikuwa na nguvu ya kulifungua. Ndipo akasema, "Mwangaluka, mwanangu."

Ndugu zangu, hiyo ni salamu ya asubuhi tu, kila Msukuma hapa anaijua. Mimi nililia. 

Akaniuliza jina. Nikalitaja, na nikalisikia geni mdomoni mwangu, maana muda mrefu hakuna aliyelihitaji. Akaketi kwenye ndoo. Akatoa picha kwenye kitambaa: kijana mchimbaji, anacheka, na nyuma muhuri wangu wa hapa Katoro. "Huyu ni mwanangu. Tangu alipoituma hii hajapiga simu tena. Nimekuja unionyeshe ulimpigia wapi."

Nilimkumbuka yule kijana. Nikaanza kumweleza, kikohozi kikanikatisha, na kitambaa changu kikatoka na damu. Mama akakiona. Akarudisha picha mahali pake, akafunga fundo.

"Baba yake alikohoa hivi hivi," akasema. "Tulihangaika kwa waganga mpaka karibu tumzike. Kumbe ni kifua kikuu. Akameza dawa, akapona, akalima tena. Inuka."

Nikamwambia, "Mama, kamtafute kwanza mwanao."

Akasema, "Wewe ndiye niliyekukuta. Inuka."

Akaita bajaji. Dereva aliponiona akasita, mama akamwambia, "Funua maturubai, upepo upite, twende." Zahanati wakachukua makohozi, na kweli, kilikuwa kifua kikuu. Na dawa ni bure, nawaambia, bure kabisa. Mama naye wakampima, wakamkuta mzima. Alikuwa na mpwa wake anayepika chakula sokoni, akafikia kwake, na kila asubuhi akaja na uji, akasimama mlangoni mpaka amehakikisha nimemeza vidonge. Majirani wakamwona. Siku moja yule wa kikombe akaja na mboga. 

Nilipopata nguvu na muuguzi aliponiruhusu, tulikwenda wote wawili machimboni. Tukawaonyesha watu ile picha. Wakasema alikuwepo, ni kijana mzuri, lakini shimo halikutoa kitu, akaona aibu kurudi nyumbani mikono mitupu, akahama. Wapi, hawajui. Natamani niwaambie tulimpata. Hatujampata mpaka leo. Kila chimbo ninalokwenda kupiga picha naulizia.

Dawa nilizimaliza, na kipimo cha mwisho kilikuwa safi. Namshukuru Mungu. Nawashukuru wauguzi wa zahanati, jirani yangu wa mboga, na huyu mama, ambaye jioni hii hii atanipigia kuniuliza nimekula nini. Wabeja sana, asante mama, huko uliko kijijini.

Funzo langu ni dogo. Ukisikia mtu anakohoa ng'ambo ya ukuta, gonga. Fungua dirisha, mpeleke akapimwe, usimhukumu.

Na lingine. Kati yetu humu ndani wamo waliotoka mbali kutafuta dhahabu, na haijatoka, na wanaona aibu. Mama yako hasubiri dhahabu. Kama hajasikia sauti yako siku nyingi, toka nje sasa hivi umpigie. Mimi nitakaa chini, na tutakaa kimya mpaka utakaporudi.