Mama Inama Anaondoka Chumba cha Mishipa

Ijumaa ya tarehe ishirini na nane mwezi huu, daktari wetu bingwa wa mishipa ya damu anastaafu baada ya miaka thelathini na minne katika chumba kile kile, kiti kile kile na, tunavyoshuku, koti lile lile.

Wagonjwa humwita Mama Inama. Kila aliyekuja na uvimbe wa buluu aliambiwa ainame kama anayetafuta kiatu chini ya kitanda. Ukijaa polepole, ni vena, mishipa inayorudisha damu moyoni, zilizoumbika vibaya tangu tumboni mwa mama. Ukidunda chini ya kidole, ateri, mishipa inayotoa damu moyoni, zimeingilia. Ule uliotokea wiki chache baada ya kuzaliwa na kukua mbiombio, mara nyingi husinyaa wenyewe. Ukizichanganya aina hizo tatu, umemponza mtoto wa watu.

Tabia ya kupanga makundi ilimfuata hadi chumba cha chai. Wafanyakazi nasi tukapangwa kama damu mishipani: wa mtiririko wa kasi na wa mtiririko wa polepole. Mkuu wa idara, aliyetiwa kwenye polepole, alikata rufaa. Bado inashughulikiwa.

Hakuzaliwa anajua. Miaka ya mwanzo alimwambia fundi cherehani mmoja kwamba uvimbe kwenye mdomo wa bintiye utasinyaa, asubiri. Mama wa watu akasubiri. Mtoto akakua na uvimbe ukakua naye, hadi mdomo ukawa haufungi na shuleni akawa anakula amegeukia ukuta. Waliporudi, daktari alimwinamisha mtoto, akaona, akasema mbele yetu sote kwamba kosa ni lake. Wengine wetu tungesingizia ugonjwa. Fundi akauliza kama safari hii ana uhakika, kwa sababu yeye kusubiri amechoka. Sindano za kuziba vena zilichukua miaka miwili. Uvimbe haukuisha wote, lakini mdomo ulifunga, na sote tulifurahi kupita kiasi.

Mwezi uliopita daktari kijana anayemrithi alimwambia baba mmoja aliyeleta mtoto mwenye uvimbe akasubiri nyumbani. Dakika chache baadaye tulimwona daktari huyo akitimua mbio hadi getini, kiatu kimoja kimemvuka, kumrudisha mtoto akainamishwe. Zilikuwa vena. Mama Inama alitazama yote dirishani, kisha akaanza kufungasha vitu vyake.

Asante, dada yetu. Tunakutakia maisha mema na usingizi mzito. Watoto wa kesho tuachie sisi.