Mkono Nilioufunga Darasani

Wazee wangu shikamooni, na nyie wenzangu, amani iwe kwenu. Mama mchungaji ameniomba niseme mema niliyotendewa. Nitayasema, lakini naanza na ubaya nilioutenda mie.

Nilikuwaga mwalimu wa chekechea hukuhuku Temeke. Sifa yangu ilikuwa ukimya. Mzazi akichungulia dirishani anakuta watoto wamekunja mikono, wanaimba a, e, i, o, u. Vifaa vya kuchezea vilikuwepo, tena vizuri. Nilivifungia kabatini visichafuke. Mnacheka, lakini humu ndani wapo walioniambia, "Mwalimu, wangu mchape tu."

Akaletwa binti wa miaka minne, mashoto. Ana maswali huyo! "Mwalimu, mbona kivuli hakina macho?" Namwambia nyamaza. Akishika penseli kwa kushoto, nampiga rula. Hakuacha. Siku moja nikachana kitambaa, nikaufunga ule mkono kwenye kiti asubuhi nzima. Ndugu zangu, nawaambia, hakulia. Alijikojolea, akaendelea kuandika kwa mkono wa kulia huku ananitazama. Mie nikaona nimefaulu.

Kesho yake mama yake akaja peke yake.

"Mwalimu, mwanangu haongei tangu jana. Umemfanya nini?"

"Nimemnyoosha."

Akaenda kunishtaki kwa mkuu wa shule, nikafukuzwa kazi. Nikamlaani yule mama kwa miezi, hadi nikapata kibarua cha kudeki kwenye chekechea moja Kiwalani. Mwalimu wa pale, mdogo kwangu kwa umri, alikuwa amepanga vifaa kwenye rafu fupi, usawa wa mikono ya watoto. Kila mtoto anachukua kifaa anachokitaka, anakifanyia kazi, anakirudisha mahali pake. Nikasema moyoni, hawa watakuwa wahuni.

Mtoto mmoja akamwaga maji akijifunza kumimina. Nikamrukia na tambara. Mwalimu akanishika bega.

"Dada, muache. Anajua kitambaa kilipo."

Mtoto akafuta, akajaza jagi upya, akamimina bila kumwaga. Hakuna aliyempigia kelele wala makofi. Nilikasirika, wapendwa. Maana kama hivi vinawezekana, mie nilikuwa nafanya nini miaka yote ile?

Muhula mpya ulipoanza, nimeinama nadeki, nikamwona yule binti niliyemfunga mkono, kumbe mama yake kamhamishia pale. Amekaa mkekani anatunga shanga kwa kushoto, anajisimulia mwenyewe. Akainua macho. Akanyamaza. Mkono wa kushoto akauficha mgongoni, akaanza kuhangaika na shanga kwa ule wa kulia.

Mwalimu akaniuliza, "Dada, unamjua?"

Nilitaka kukana. Nikasema, "Aliyemharibu ni mie."

Akaniambia, "Basi usimfuate. Akitaka, atakuja mwenyewe."

Nikadeki mwaka mzima namsubiri. Hakuja. Akaenda zake darasa la kwanza. Nikaenda kwao kuomba radhi. Mama yake akanisikiliza mlangoni, akasema, "Nimekusikia," akafunga mlango.

Siku hizi mie ni msaidizi darasani palepale Kiwalani. Namwonyesha mtoto mara moja, kisha nakaa chini natazama. Kukaa kimya ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya. Mnaniambia Mungu ameshanisamehe, nipumzike. Sawa. Lakini sikumfunga Mungu kwenye kiti.

Namshukuru mwalimu yule, aliyenifundisha upya nikiwa na dekio mkononi wala hakunitangaza. Namshukuru zaidi yule mama niliyemlaani, kwa kuwa alimtoa mwanawe mikononi mwangu mapema.

Nanyi wazazi, mkitafuta shule, msiulize kama watoto wametulia. Ulizeni wanaruhusiwa kushika nini, na wakikosea wanafanywaje. Na mwenye mtoto aliyenyamaza ghafla, asijisifu kwamba amepata adabu. Akamuulize leo hii amefanywa nini, angali anajibu.