Mteja Aliyefungwa

Ukitoka lango la ghala la dawa ukavuka barabara, unakuta benchi refu la mbao limeegemezwa kwenye ukuta wa kinyozi, na pembeni yake muuza kahawa na birika lake juu ya jiko. Hapo ndipo kijiweni. Kila mchana dunia nzima hushtakiwa pale, ikahukumiwa, ikaachiwa huru kabla vikombe havijapoa. Siku hiyo kesi ilikuwa ya mwenzao. Ratiba, mwanamke aliyepanga safari za malori ya ghala lile kwa miaka kumi na tisa mpaka watu wakasahau jina lake la kwao, alikuwa amekaa mwisho wa benchi na barua ya kusimamishwa kazi ndani ya mkoba. Hakuwa amelia. Alikuwa na hasira kavu, na kahawa ilikuwa inammwagikia vidoleni bila yeye kuisikia.

Aliyesimulia ni Barafu, dereva wa lori la jokofu, maana Ratiba mwenyewe alikuwa haongei. Zamani, alisema, oda zilikuwa na mfumo wake, malori mfumo wake, stoo mfumo wake, na wa kuviunganisha alikuwa Ratiba na simu yake. Miezi minane iliyopita wakaja wataalamu, wakaweka jukwaa moja huko wanakokuita kwenye wingu, lenye milango ya kupitishia taarifa kutoka mfumo mmoja hadi mwingine. Wakaleta akili mnemba, wakaipa jina Msaidizi, wakamkabidhi funguo za milango yote. Tangu hapo mtu anaandika tu, sogeza safari ya Alhamisi, na safari inasogea.

Jana karani wa idara ya wateja alikuwa amemwandikia Msaidizi asafishe wateja waliofungwa, yaani awaondoe wale ambao akaunti zao zimefungwa. Hospitali moja ya watoto ilikuwa imebadilisha jina. Akaunti yake ya zamani imefungwa, mpya bado haijakamilika. Msaidizi akapita kwenye milango yake yote, akafuta oda ya hospitali ile, akafuta na safari. Katoni za insulini zikabaki chumba cha baridi.

— Nilikuwa nimeshakaa kwenye usukani, alisema Barafu. Injini inaunguruma. Simu ikalia: safari yako imefutwa, uwe na siku njema.

— Mwenda pole hajikwai, alisema Profesa. Angalau hukupata ajali.

Profesa alikuwa fundi simu, na jina hilo alipewa kwa sababu hakuna jambo aliloshindwa kulieleza, hasa asilolijua. Ratiba alimgeukia polepole, akamtazama mpaka akashusha kikombe.

— Kuna watoto wanaisubiri dawa ile, alisema. Wewe unaniletea mwenda pole.

Kinyozi akatoka mlangoni na taulo begani, mteja wake akimfuata nusu kichwa kimenyolewa, kwa kuwa maneno yalikuwa yamewanogea wote wawili. Alitaka kujua jambo moja. Kama aliyeagiza ni karani, na aliyefuta ni mashine, barua ya Ratiba imetoka wapi?

Barafu akamgeukia Ratiba. Hilo halikuwa lake kulisema.

Ratiba akaitoa barua, akawasomea mstari mmoja tu, ule uliomchoma tangu asubuhi: kumbukumbu za mfumo zinaonyesha kuwa safari ilifutwa kwa idhini yako. Kisha akaeleza, kwa sauti ya chini. Wataalamu walipokuwa wanaunganisha, Msaidizi alihitaji akaunti ya kuingilia kwenye mfumo wa malori. Kumfungulia yake kulitaka kibali cha makao makuu, wiki tatu nzima. Meneja akamwomba Ratiba amwazime ya kwake kwa muda. Akawapa neno lake la siri. Huo muda mpaka leo haujaisha. Kila alichogusa Msaidizi kwa miezi minane, kiliandikwa kwa jina la Ratiba.

— Ulimpa mwenyewe? aliuliza Kinyozi.

— Nilimpa mwenyewe. Bosi ameniomba mbele ya wageni, nitasema nini?

Ndilo lililokuwa linamtafuna. Meneja alikuwa na makosa, karani alikuwa na makosa, na wale wataalamu na viatu vyao vya kung'aa walikuwa na makosa zaidi. Lakini katika foleni hiyo ya wenye makosa alijiona na yeye amesimama, na hakupata wa kumsukuma apite mbele yake.

Kijiwe hakikumwacha apumue. Kinyozi alishikilia kwamba tatizo ni malezi. Samaki mkunje angali mbichi, mashine ile ilitakiwa ichapwe siku ya kwanza. Mteja wa nusu kichwa akadai ina kinyongo, kwamba Ratiba alishaikosoa mara nyingi na yenyewe ikamtunzia. Profesa, aliyekuwa anatafuta njia ya kurudi uwanjani, akasema wote hawajui kitu. Hizo kompyuta za kwenye wingu, alieleza, zinachemka kama birika. Mashine haikuwa na shida na insulini. Ilikuwa inalitaka lori la jokofu ikakae ndani yake ipoe.

— Lori langu? aliuliza Barafu.

— Lako hilo hilo. Na ukiendelea kulala humo, itakuchukua na wewe.

Watu wakacheka. Ratiba hakucheka. Alikuwa amekwisha kufungua mdomo kuwaambia kwamba kazi yake si mchezo wa kuigiza, ndipo mwanamke mmoja mwenye sare ya uuguzi akavuka barabara kutoka langoni, sanduku la baridi mkononi, akawaomba wasogee kidogo apate pa kukaa. Uso wake ulikuwa umechoka, vumbi limempanda hadi magotini.

Muuza kahawa akamtilia kikombe. Mwanamke yule akawaambia ametoka asubuhi kwenye hospitali ya watoto, amebadilisha mabasi mawili, kafuata dawa mwenyewe kwa kuwa simu zao hazijibiwi na mtu. Mlinzi amemwangalizia kwenye kompyuta, akamrudisha. Ameambiwa hospitali yao imefungwa.

— Nimeacha watoto watatu wodini, alisema. Chupa tuliyobakiwa nayo haifiki kesho. Ninyi ni wenyeji wa hapa, nisaidieni. Nikitaka kuiambia hiyo kompyuta kwamba hospitali yetu ipo, namwambia nani?

Profesa akakohoa. Kinyozi akaanza kulikunja taulo ambalo lilikuwa limeshakunjwa. Barafu aliangalia lori lake lililoegeshwa upande wa pili, halafu akaangalia chini. Swali lilikuwa jepesi, mtoto angeliuliza.

Ratiba alisimama. Alilishika sanduku upande mmoja, muuguzi akalishika upande wa pili, wakavuka. Barafu akawafuata.

Mlinzi akasema dada, samahani, wewe huruhusiwi kuingia. Ratiba akamjibu kuwa haingii. Amwite meneja aje langoni, na atasubiri hapo hapo kwenye jua.

Meneja alikuja baada ya dakika kumi, akamsikiliza muuguzi nusu, akatoa simu yake na kumwuliza Msaidizi. Jibu likaja upesi, lenye adabu zote: mteja huyo amefungwa. Akawaonyesha, kana kwamba maandishi yale yamemtoa kwenye lawama.

— Bosi, alisema Ratiba, mteja aliyefungwa ndiye huyu amesimama mbele yako. Mguse kama huamini.

Muuguzi alisogea mbele. Alilifungua tu sanduku lake, akamwonyesha meneja lilivyo tupu.

Ilichukua muda. Meneja alipiga simu kwa wataalamu, wakamwambia ajaze maombi kwa Msaidizi. Akapiga tena, hakuna aliyepokea. Jasho likamtoka. Mwishowe akamwita mtunza stoo, akamwagiza alete katoni za hospitali ile. Mtunza stoo akaja nazo, na kitabu cha zamani cha kutolea mzigo kilichokuwa kimejaa vumbi, kwa sababu mfumo ulikataa kutoa dawa bila oda. Akakifungua, akashika kalamu, akamtazama Ratiba kwa mazoea ya miaka.

— Niandike nani ametoa?

— Mwandike yeye, alisema Ratiba, akimwonyesha meneja kwa kidevu. Jina langu limetumika vya kutosha.

Meneja alikaa na ile kalamu muda mrefu kuliko jina lake lilivyohitaji. Halafu akaandika. Barafu akapakia, muuguzi akapanda mbele na sanduku magotini, na lori likaondoka kwa safari ambayo haikuwemo kwenye kompyuta yoyote. Kuhusu barua, meneja alisema watazungumza kesho. Ratiba akamwambia kesho aje na yule karani, aje na wale wataalamu, na yeye atakuja na barua yake. Kisha akabaki langoni, mkoba kwapani, mpaka lori lilipokata kona.