Lori Langu na Beringi Zilizokuwa Zikifa

Ejok, hamjambo nyote. Akina mama, mwenyekiti ameniambia niseme mpaka chai ichemke, na kwa vile kuni za leo ni mbichi, kaeni vizuri.

Wengi wenu mnanijua kwa lori. Marehemu mume wangu aliniachia lori moja na watoto wanne, na hao wanne wanakula na kusoma kwa lile moja. Shemeji yangu ndiye dereva, mimi nakaa kando yake. Tunabeba samaki kutoka Kalokol hadi hapa Lodwar, tunashusha, kisha tunapakia unga na maharagwe yenu, na nyinyi wenyewe juu ya magunia, twende Kakuma.

Sasa, baada ya zile mvua kubwa, gurudumu la nyuma likaanza kukoroma. Kisha likalia kama mtu wa msibani. Fundi akafungua akasema beringi imekufa. Kwa ambaye hajaiona, beringi ni duara la chuma lenye vijiti vinavyoviringika, linakaa ndani ya habu katikati ya gurudumu, na ndilo linalobeba uzito wote mnaonipakilia huku mkisema ni kagunia kamoja tu. Nikanunua nyingine. Haikukaa. Nikanunua ya bei ya juu, kwenye boksi linalong'aa. Nayo ikafa.

Ndugu zangu, nawaambia, ushauri haukukosekana. Wazee wa nyumbani walisema lori limetupiwa jicho baya. Tukachinja mbuzi, tukalipaka ngikujit, yale majani ya tumboni mwa mbuzi, kuanzia taa mpaka bampa. Sicheki desturi yetu, hata nikipata lori la pili nitalipaka. Lakini lile gurudumu liliendelea kulia.

Ikaja siku ile mnayoijua. Tulikuwa karibu kufika Kakuma nikasikia harufu ya kuungua. Shemeji akakanyaga breki. Nikainua macho, nikaona gurudumu letu wenyewe likitupita barabarani, likaingia vichakani peke yake. Lori likakaa chini upande mmoja, na nyinyi mkamwagika mchangani pamoja na maharagwe. Niliogopa hata kuteremka kuwaangalia. Hakufa mtu. Narudia, hakufa mtu, lakini mama mmoja aliteguka bega, na yuko hapa ananisikiliza.

Yule mama aliniambia, "Dada, sikulaumu. Lakini lori lako sitapanda tena." Wengine walibeba mizigo yao wakatafuta gari lingine. Nilijua lori bila abiria wake haliwezi kulisha nyumba yangu. Nikaamua kuliuza.

Likavutwa mpaka gereji moja pale Kakuma, kwa fundi Mkongomani. Nikamwambia afunge beringi yoyote ile, bora litembee mnunuzi alione. Yeye akachota grisi ya ndani ya habu kwa kidole, akaniita. Ilikuwa nyeupe kama maziwa.

"Mama, grisi iko na maji," akasema. "Lori munaioshaka wapi?"

Nikajibu kwa fahari kabisa. "Turkwel! Tukishusha samaki tu, tunaliingiza mtoni moja kwa moja, maji mpaka hapa kwenye habu. Nani atanunua unga unaonuka samaki?"

"Inaingia na moto yake ya safari?"

"Na moto wake."

"Njo pale munaiuaka." Yaani, hapo ndipo tunapoiua.

Akanieleza kwamba habu ya moto ikizamishwa kwenye maji baridi, inavuta maji na mchanga laini ndani kupitia sili, ule mpira wa kuzuia uchafu. Beringi nzuri, beringi mbaya, zote zinakunywa. Na nyinyi wenye malori hapo nyuma, msinitazame hivyo, tunapanga foleni pamoja pale mtoni! Nililia mbele ya watu wa gereji. Nililia kwa furaha, kwa sababu si laana na si mkosi, ni jambo ninaloweza kuliacha.

Hakuishia hapo. Akanifundisha kuchagua. Nisisome boksi, nisome namba iliyochongwa kwenye chuma chenyewe, ifanane na ya ile ya zamani. Ninunue na kikombe chake, ile pete ya nje inamozungukia, kwa maana kikombe cha zamani kina makovu na kitaila ile mpya. Sili iwe mpya, na grisi iwe ile ya kuvumilia joto.

Wazo la kuuza nikaliacha, nikarudi Lodwar madukani. Muuzaji wa kwanza akasema, "Mama, hii orijino, usifungue karatasi." Nikamwambia, bwana harusi asiyetaka kuonwa uso mimi simwozi binti yangu. Kufungua, namba imekwaruzwa kama kwa msumari! Nikaaga. Duka la tatu nikapata moja kwenye boksi la kawaida, namba imekatwa vizuri, ina mafuta yake, nikaizungusha karibu na sikio na haikusema neno. Hiyo ndiyo iliyo kwenye lori mpaka leo.

Na Turkwel hatuingii tena. Tunaegesha kivulini, na mpaka kiganja kitulie juu ya habu bila kuungua, hakuna kuosha. Kisha tunaosha kwa ndoo, hapo ukingoni.

Nawashukuru. Namshukuru yule fundi, ambaye Mungu ampe kwao amani. Namshukuru shemeji, aliyelishika lori siku ile lisipinduke. Nakushukuru wewe mama wa bega, uliyeniambia ukweli bila matusi. Na nawaambia: kitu kikikufia mikononi tena na tena, usikimbilie kununua kingine. Jiulize kwanza unakifanyia nini kila siku.

Mlirudi mmoja mmoja, mkiwa mmeshika kamba kwa mikono miwili, macho yote kwa gurudumu. Sikuwalaumu. Lakini safari ya juzi tulifika Kakuma, nikaita mteremke, hakushuka mtu. Nikapanda kuangalia, nikawakuta wote mmelala juu ya magunia, midomo wazi, na mama wa bega anakoroma kuliko wote. Shemeji akataka kupiga honi. Nikamwambia awaache.

Asanteni kwa usingizi ule.